Mhariri, riba kushuka siyo sababu tosha ya kuhamisha mkopo wa nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msiikate sana maana hili jambo linawagusa watu wengi wenye mkopo wa nyumba na linaandikwa nusunusu, sio na gazeti lenu peke yake, ni karibu magazeti yote. Kila benki kuu ikikaa kikao na kutangaza imepunguza riba, kesho yake kichwa cha habari kinasema wakopaji wa nyumba wapata ahueni, afu chini yake kuna aya nne na picha ya jengo la benki kuu basi. Mtu mwenye mogeji, yaani mkopo wa nyumba, anasoma, anafurahi, anapigiwa simu na benki nyingine inayotaka kuununua mkopo wake, anasaini, kumbe kasaini kitu kitakachomgharimu zaidi ya kile alichokuwa nacho. Hiyo ndo inayoniuma na ndo sababu ya kuandika.

Yapo mambo mawili yanachanganywa. Watu wanadhani riba ya benki kuu na riba ya mogeji ni kitu kimoja, hii ikishuka na ile imeshuka. Halafu wanadhani riba ya mogeji ikishuka basi kurifainansi, yaani kuchukua mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, ni faida moja kwa moja, huna haja ya kuuliza zaidi. Yote mawili yana ukweli kidogo ndani yake na ndo maana yanadanganya vizuri.

Riba ya benki kuu ni bei ya pesa ya muda mfupi kabisa, mabenki kukopeshana usiku mmoja au siku chache. Mkopo wa nyumba ni wa miaka 15, 20, kwengine 30. Sasa anaekukopesha kwa miaka 20 kwa riba fiksi, yaani isiyobadilika, hajiulizi tu leo pesa inauzwaje, anajiuliza mfumuko wa bei utakuwaje miaka yote hiyo, hizo hela atakazorudishiwa zitakuwa bado zinanunua kitu au zitakuwa zimeliwa na bei, anajiuliza serikali itakuwa inakopa kiasi gani, na zaidi ya yote anajiuliza mimi nikizipeleka hela hizihizi kwenye hati fungani ya serikali ya miaka 10, yaani nikiikopesha serikali, nitapata ngapi bila kusumbuana na mtu yeyote wala kushika hati ya nyumba ya mtu. Kama serikali inamlipa vizuri, wewe lazima umlipe zaidi ya serikali, maana wewe unaweza kufukuzwa kazi na serikali inakusanya kodi. Kwahiyo ukitaka kujua riba fiksi ya nyumba inaelekea wapi, angalia hati fungani za muda mrefu kabla ya kuangalia tangazo la benki kuu. Riba ya kubadilika ndo inayofuata tangazo kwa karibu, na hata yenyewe mara nyingi inapanda mbio na kushuka polepole.

Mfano upo na sio wa zamani. Marekani, Septemba 2024, benki kuu yao ikapunguza riba kwa nusu asilimia kwa mkupuo, ikaja Novemba robo, Desemba robo tena, jumla asilimia nzima ndani ya miezi minne. Kwa akili ya kawaida mogeji ilitakiwa ishuke. Wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30, ule unaotolewa kila wiki na Freddie Mac, kampuni ya huko inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, mwishoni mwa Septemba ulikuwa karibu 6.1, na katikati ya Januari 2025 ukapita 7. Benki kuu inashusha, mogeji inapanda! Kilichotokea ni kwamba takwimu za ajira zilikuja nzuri kuliko watu walivyotegemea, wawekezaji wakaanza kuogopa mfumuko wa bei utarudi na serikali itakopa sana, wakadai malipo makubwa zaidi kwenye hati fungani za miaka 10, zikatoka kwenye 3.6 au 3.7 hivi mpaka kama 4.8, na mogeji ikafuata hati fungani, haikufuata benki kuu.

Na kitu kingine kwenye huohuo mfano, ambacho magazeti hayakukiandika kwa uzito wake. Mwezi wa tano mwaka huohuo wa 2024 riba ya nyumba ilikuwa imezidi 7.2. Ilipofika Septemba ilishashuka zaidi ya asilimia nzima KABLA benki kuu haijafanya chochote, kwasababu soko lilikuwa limeshajua nini kinakuja na likajipanga mapema. Mtu aliyesubiri tangazo ndo akimbilie benki alikuta sherehe imeshakwisha, na aliyesubiri "ishuke zaidi maana ndo kwanza wameanza" alijikuta Januari analia.

Uingereza wao walipata somo kinyume chake. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza kupunguza kodi kwa kiwango kikubwa bila kusema hela ya kufidia itatoka wapi. Soko la hati fungani likatikisika, wakopeshaji wakaondoa mamia ya aina za mikopo ya nyumba sokoni ndani ya siku chache, na wastani wa riba fiksi ya miaka miwili ukapita asilimia 6 mwanzoni mwa Oktoba wakati kabla ya hotuba ile haukuwa umefika hata 5. Baada ya hotuba Benki Kuu ya Uingereza haikupandisha riba yake tena mpaka mwezi wa 11, tena siku zile ilikuwa inahangaika kununua hati fungani ili hali itulie. Mtu ambae muda wake wa riba fiksi uliisha wiki ile alikuwa hana kosa lolote, alikuwa analipa vizuri, kazi anayo, na rejesho lake likaruka kwasababu ya hotuba ya bajeti. Ndo maana nasema mkopaji wa nyumba anatakiwa asome habari za bajeti na madeni ya serikali kwa makini kuliko anavyosoma habari za benki kuu, na nyie wahariri mnatakiwa mziweke karibu karibu ili aone uhusiano.

Mfumuko wa bei nao una hadithi yake. Mwaka 1981, Oktoba, hiyo riba ya miaka 30 Marekani ilifika asilimia 18.63, ndo rekodi mpaka leo, kwasababu bei zilikuwa zimepanda kupita kiasi na Paul Volcker pale benki kuu aliamua kukaza mpaka zishuke, uchumi uumie uumie. Na rekodi ya chini ni 2.65, Januari 2021, wakati wa korona. Halafu Oktoba 2023 ikafika 7.79. Yaani chini ya miaka mitatu riba ilikaribia kuwa mara tatu ya ilivyokuwa! Waliokopa 1981 wakaja kurifainansi miaka ya baadae walifaidi kwelikweli, maana kufikia 1993 riba ilikuwa asilimia 7 na kitu. Na wale waliofunga chini ya 3 mwaka 2021 mpaka leo hawataki hata kuuza nyumba, kwasababu wakiuza wakanunua nyingine wanaingia kwenye riba mpya. Kwahiyo sipingi kurifainansi, nisieleweke vibaya. Napinga kurifainansi kwa kichwa cha habari.

Sasa kuna hili ambalo naona ndo zito kuliko yote na huwa halisemwi. Uchumi ukidorora kwa kawaida riba zinashuka, ni kweli. Lakini uchumi ukidorora pia watu wanapoteza kazi, biashara zinalegea, bei za nyumba zinaweza kuanguka, na benki zinakuwa na woga. Kurifainansi ni kuomba mkopo upya, watakuuliza upya mshahara wako, watatuma mthamini upya aje aiangalie nyumba, wataangalia upya madeni yako yote mpaka lile la simu. Maana yake ni kwamba wakati ule riba iko chini na wewe unahitaji nafuu kufa na kupona ndo wakati huohuo mlango unakuwa mwembamba kwako, na unakuwa mpana kwa mtu mwenye kazi ya uhakika na nyumba iliyopanda thamani, ambae hata asiporifainansi ataishi.

Tuliyaona haya 2008. Kati ya Juni 2004 na Juni 2006 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba mara 17, robo robo, kutoka 1 mpaka 5.25. Wakati huo watu wengi walikuwa wameuziwa mikopo ambayo miaka miwili ya kwanza riba ni ndogo na fiksi, afu miaka 28 inayobaki inabadilika. Wakaambiwa usijali, kabla ya miaka miwili kuisha utarifainansi, bei ya nyumba yako itakuwa imepanda. Bei zikaacha kupanda, zikaanza kuanguka, mtu anadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba, ni nani atampa mkopo mpya? Desemba 2008 benki kuu ikaishusha riba yake mpaka karibu na sifuri, na mamilioni ya watu wenye mogeji hawakuweza kuigusa hiyo nafuu kwasababu hawakuwa na kitu cha kuweka dhamana kinachotosha. Mpaka serikali ikaanzisha mpango maalum mwaka 2009, ule wa HARP, wa kuwaruhusu watu warifainansi hata kama nyumba imeshuka thamani, na zaidi ya mikopo milioni 3 ikapita humo kwa miaka iliyofuata. Wengi walikuwa wameshanyang'anywa nyumba kabla hata haujaanza. Mtu yeyote anaekwambia "chukua tu hii, utakuja kurifainansi baadae" anakuahidi kitu ambacho hakipo mikononi mwake wala mwako. Naomba hili mliandike kwa herufi kubwa siku moja.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo wasomaji wanapoibiwa wakiwa macho. Nitatumia namba rahisi, sarafu weka yoyote unayotumia wewe.

Tuseme umekopa milioni 100 kwa miaka 20, riba asilimia 14 kwa mwaka, ya salio linalopungua, yaani inakokotolewa kwenye deni lililobaki tu. Rejesho la mwezi linakuja 1,243,521. Sasa chukua ile ratiba ya marejesho ambayo benki wanakupa siku ya kusaini na watu wengi wanaikunja na kuiweka kwenye bahasha bila kuisoma, angalia mstari wa kwanza kabisa. Katika ile 1,243,521, riba ni 1,166,667. Deni lenyewe limepungua kwa 76,854. Basi. Hiyo ndo sehemu ya pesa yako iliyokwenda kununua nyumba mwezi ule, nyingine yote ni ya mkopeshaji. Shuka mpaka mwisho wa mwaka wa tano. Umeshalipa jumla ya milioni 74 na laki 6, na deni limebaki milioni 93.4. Miaka mitano ya kulipa kila mwezi bila kukosa, umepunguza milioni 6 na laki 6 hivi.

Sasa riba zimeshuka, benki nyingine inakupigia, inasema sisi tunakupa 12. Asilimia mbili chini. Na wanakuuliza, unataka muda gani? Hapo kwenye muda ndo pa kushikilia.

Ukisema niwekeeni miaka 15, ileile niliyobakiza, rejesho linakuwa kama 1,120,700. Umeokoa karibu 123,000 kwa mwezi. Jumla utakayolipa mpaka mwisho ni kama milioni 201.7, wakati ungebaki kule kwenye 14 ungelipa milioni 223.8. Faida ya milioni 22 hivi, kabla ya gharama.

Ukisema niwekeeni miaka 20 upya, na hiki ndo afisa mikopo anachokipendekeza mara nyingi kwasababu kinapendeza machoni, rejesho linashuka mpaka kama 1,028,000. Umeokoa 215,000 kila mwezi! Nani atakataa? Lakini jumla utakayolipa ni milioni 246.8. Yaani riba imeshuka, rejesho limeshuka, na umelipa milioni 23 ZAIDI kuliko kama ungekaa kimya na mkopo wako wa asilimia 14. Hamna aliyekudanganya, kila kitu kimeandikwa kwenye mkataba, ila namba waliyokuonyesha mezani ilikuwa ya mwezi na namba ya jumla hukuiuliza.

Najua kuna atakaesema milioni moja ya miaka 18 ijayo sio sawa na milioni moja ya leo, mfumuko wa bei utaila. Ni kweli na ni hoja ya maana, kama kipato chako kinapanda pamoja na bei na riba yako ni fiksi basi deni linakuwa jepesi kadri miaka inavyokwenda. Lakini mishahara ya watu wengi haifuati bei kwa wakati, na mkopo wenyewe mara nyingi ni wa riba ya kubadilika, kwahiyo mfumuko ukija riba nayo inapanda juu yako. Na kuna mtu ambae kweli anahitaji hiyo 215,000 kwa mwezi la sivyo ataipoteza nyumba, mtoto anaumwa, biashara imeyumba. Huyo simlaumu hata kidogo, kurefusha muda kwake ni dawa. Ila aijue bei ya hiyo dawa kabla ya kuinywa.

Kuna njia ya tatu ambayo hakuna mtu atakupigia simu kukwambia. Chukua ile 12, lakini endelea kulipa rejesho lako la zamani lile la 1,243,521 kama vile hakijabadilika kitu, ile ziada ikatwe kwenye deni. Mkopo unaisha kwa miezi 140 badala ya 180. Miaka mitatu na miezi minne mapema, na jumla inakuwa kama milioni 173.7. Ukilinganisha na yule wa miaka 20 upya, tofauti ni milioni 73, kwa riba ileile ya asilimia 12, benki ileile, nyumba ileile. Ila lazima mkataba uruhusu kulipa zaidi bila faini, na lazima umwambie afisa kwa maandishi kwamba ziada iende kwenye deni halisi, isikae tu ikisubiri rejesho la mwezi ujao.

Halafu gharama za kuhama. Wakili, mthamini, usajili wa dhamana mpya na kufuta ya zamani, ada ya kuchakata mkopo, bima, na faini ya kumaliza mkopo mapema kule unakotoka kama ipo. Tuseme zote zinafika asilimia 4 ya deni lililobaki, ni kama milioni 3.7. Gawanya kwa 123,000 unayookoa kwa mwezi, unapata miezi 30 na kidogo. Maana yake miaka miwili na nusu ya kwanza unarudisha gharama tu. Kama una mpango wa kuuza nyumba mwakani, au kazi yako inaweza kukuhamisha, usihame mkopo. Na wakikwambia "usijali gharama tutaziingiza kwenye mkopo" jua unazilipia riba miaka 15. Wapo wanaosema sheria ni riba ishuke asilimia moja, wengine wanasema mbili. Hakuna sheria kama hiyo. Mtu aliyebakiza miaka 17 na deni kubwa nusu asilimia inaweza kumtosha, na mtu aliyebakiza miaka 3 hata asilimia 3 haitamsaidia sana maana riba karibu yote ameshailipa huko nyuma, sasa anamalizia deni lenyewe.

Kwa haraka niseme na hii ya riba flati. Mtu anaona tangazo la asilimia 8 anaacha mkopo wake wa 11 wa salio linalopungua, anakimbia. Riba flati inakokotolewa kwenye kiasi chote ulichokopa siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho hata ukiwa umebakiza deni dogo. Kwa miaka 20, hiyo 8 flati ukiigeuza iwe ya salio linalopungua inakuwa zaidi ya 11.5. Kahama kutoka nafuu kwenda ghali na anajipongeza. Uliza neno hilo moja kabla ya kuuliza namba.

Na sarafu. Kuna watu wakiona riba ya nyumbani iko juu wanashawishika kuhamishia mkopo kwenye sarafu ya kigeni yenye riba ndogo, ilhali mshahara wao hauji kwa sarafu hiyo. Poland na Hungary watu wengi sana walifanya hivyo kabla ya 2008, wakakopa kwa faranga ya Uswisi kwasababu riba ilikuwa chini. Mgogoro ulipokuja faranga ikapanda dhidi ya hela zao, na tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ikaacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, ikaruka ndani ya dakika chache tu. Mtu alikuwa analipa kila mwezi na deni lake kwa hela ya kwao linazidi kukua. Hungary walikuwa wameshapitisha sheria mwishoni mwa 2014 ya kuigeuza mikopo ile kuwa ya forint, hela yao wenyewe, wakaponea hapohapo, lakini Poland kesi zimeendelea mahakamani miaka na miaka. Riba ndogo ya sarafu usiyolipwa mshahara nayo sio nafuu, ni kamari ambayo umeweka nyumba mezani.

Sio kila mahali mkopaji anaonewa, na hili nalitaja kwasababu linaonyesha kwamba taratibu hizi zimetungwa na watu na zinaweza kutungwa vizuri. Denmark mkopo wako wa nyumba unafungamana na hati fungani inayouzwa sokoni, riba zikipanda bei ya hati hiyo inashuka, na mkopaji anaruhusiwa kuinunua kwa bei ya soko na kuirudisha kulipia mkopo wake. Kwahiyo hata riba zikipanda anaweza kuhama kwenda mkopo wenye riba kubwa zaidi lakini deni dogo zaidi. Mara ya kwanza kusoma hilo nilidhani wamekosea kuandika. Na ukilipa mapema wakati riba zimeshuka unalipa deni kamili, basi. Kwa mfumo kama huo swali la faini linakuwa dogo sana, na wabunge popote walipo wangefaa waulizwe kwanini mtu atozwe asilimia kadhaa kwa kosa la kulipa deni lake mapema.

Kabla ya kuhama popote, nawaomba wasomaji waende kwanza benki yao wenyewe na barua ya ofa kutoka benki nyingine mkononi. Benki inajua gharama ya kumpoteza mteja anaelipa vizuri. Mara nyingi wanaweza kupunguza riba kwenye mkataba uleule bila wakili wala mthamini, na hata wakipunguza nusu ya kile ambacho wenzao wameahidi unaweza kuwa umefaidi zaidi kwasababu hujalipa zile milioni 3 na laki 7. Wakikataa, haya, hama, lakini hama na hesabu yako imeandikwa kwenye karatasi, muda uleule uliobakiza au pungufu. Na kama umeshaona mwezi ujao hutaweza kulipa, nenda kabla hujakosa rejesho hata moja, maana ukikosa rekodi yako inachafuka na hiyo milango yote niliyoisema inafungwa kwa pamoja.

Nije kwenu sasa. Ninachoomba ni kidogo. Benki kuu ikitangaza riba, mwandishi wenu asiishie kwenye kunukuu taarifa. Apige simu kwa wakopeshaji wa nyumba, awaulize swali moja: wateja wenu wa ZAMANI wenye riba ya kubadilika mtawapunguzia lini, mwezi gani, na kwa kiasi gani? Sio wateja wapya, hao wanapewa ofa nzuri siku zote. Majibu yachapishwe kwa majina ya benki, na ambaye hakujibu iandikwe hakujibu. Miezi mitatu baadae mrudi muangalie kama walifanya walichosema. Na pembeni ya habari muweke kijedwali kidogo kama hesabu niliyoifanya hapa, rejesho la mwezi upande mmoja na jumla mpaka mwisho upande wa pili, kwa muda uliobaki na kwa muda mpya. Nafasi yake haizidi ile picha ya jengo la benki kuu. Kama mkihitaji mtu wa kuzihakiki namba, nitazifanya bure na ofisini kwenu nitakuja mwenyewe.

Wenu,
Msomaji wa kila siku